Mbona dawa ya koo inapiga miguu?

Kama umewahi kushuka Mai Mahiu ukielekea Naivasha kwa barabara ya chini, basi Longonot unapajua. Mlima uko mkono wako wa kushoto, mita 2,776, ule ambao nyinyi watu wa Nairobi mnapanda Jumamosi mkapiga selfi juu ya kreta halafu Jumatatu mnashindwa kushuka ngazi za ofisi. Chini yake kuna senta yetu. Wauza viazi, mahoteli ya chapati, pikipiki zimepangwa, na gereji ya mjomba wangu ambayo ukweli ni mabati manne na shimo.

Hapo gerejini kuna jamaa huja na pikipiki mara moja moja. Hanunui vyuma vikuukuu kama wale wengine wenye mkokoteni. Anataka kitu kimoja tu: lile sega lililo ndani ya ekzosi ya magari ya petroli yanayotoka Japani. Ukilikata unaona kauri yenye vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki kabisa. Kipande kimoja cha gari bovu kinamletea mjomba pesa kuliko kubadilisha breki siku kadhaa. Nikamuuliza, kwani kuna nini humo? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kuna madini."

Na mzee hakukosea. Kwenye kuta za vile vitundu kumepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kushika moshi wenye sumu na kuugeuza kabla haujatoka nje. (Na kama una gari, siku ukitoka gereji uliza kama sega lako bado lipo. Sio mafundi wote ni mjomba wangu.)

Sasa wiki hiyohiyo shosho alikuwa amerudi kutoka Nakuru, raundi ya tatu ya kemo. Shosho ana saratani ya umio, yaani lile koo la chakula. Ni mojawapo ya saratani zinazoua Wakenya wengi sana, na ukishuka kusini mwa Bonde la Ufa, pande za Bomet, visa vyake ni vingi hata kushinda sehemu nyingi za dunia. Anawekewa dripu za dawa mbili, sisplatini na nyingine inaitwa fluorourasili. Amerudi mdomo umejaa vidonda. Masikio yanalia wiii usiku kucha. Nyayo zimekufa ganzi, anasema ni kama anatembea juu ya pamba. Akaniangalia akaniuliza swali ambalo limenikalia kichwani mpaka leo:

"Wewe uliyesomea madawa, niambie. Ugonjwa uko kwenye koo. Mbona dawa inapiga miguu?"

Kwanza, sikusomea madawa. Nilisomea kemia ya viwandani, na nikaacha mwaka wa pili karo ilipokataa. Lakini kwa shosho ukishaingia chuo hata siku moja wewe ni daktari. Pili, swali lake ndilo swali lenyewe. Nilianza kusomasoma usiku kwa simu, bando zikaisha, nikanunua zingine, na nilichopata kinarudi palepale gerejini. Kuna wanasayansi wanaoichukua paladiamu, dada yake ile iliyo kwenye ekzosi ya Probox, na kuiingiza ndani ya seli hai ili itengeneze dawa ikiwa hukohuko ndani.

Usiruke hii sehemu hata kama kemia ilikutesa shuleni.

Tuanze na jibu la shosho. Dawa nyingi za kemo hazijui koo liko wapi. Zinaingia kwenye mshipa zikiwa tayari zimewaka, zinazunguka na damu, na zinashika seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani zinagawanyika haraka, sawa. Lakini pia za mdomo, za utumbo, za mizizi ya nywele. Ndiyo sababu nywele zinaanguka na mdomo unachubuka. Sisplatini nayo inaumiza mishipa ya fahamu, masikio na figo. Hiyo dawa yenyewe ni platinamu. Iligunduliwa kama bahati tu, mwaka 1965, wakati Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State alipopitisha umeme kwenye bakteria kwa vipande vya platinamu, akaona bakteria wanarefuka badala ya kugawanyika. Kumbe haikuwa umeme. Chuma kilikuwa kinayeyuka polepole na kuingia majini. Marekani ikaidhinisha dawa yake mwaka 1978, na imeokoa watu wengi sana, siitukani. Lakini angalia inavyofanya kazi: molekuli moja inajibandika kwenye DNA ya seli na ndiyo mwisho wa safari yake. Imetumika. Ukitaka kazi zaidi, unaongeza dawa zaidi, na masikio yanalia zaidi.

Kichocheo ni mnyama tofauti.

Unajua ile dawa ya maji, haidrojeni peroksaidi, ukimwaga kwenye kidonda inatoa povu jeupe? Lile povu ni oksijeni. Ndani ya damu na seli zako kuna kimeng'enya kinachoitwa katalasi, na katikati ya katalasi kuna chuma, chuma cha kweli, chembe yake moja ikishikiliwa na protini. Ile chembe inavunja peroksaidi, inaachilia, inashika nyingine, inavunja. Mamilioni kwa sekunde. Na yenyewe haiishi. Inabaki vilevile ikingoja kazi. Hicho ndicho kichocheo: kitu kinachofanya kazi ifanyike haraka bila chenyewe kuliwa. Kama makanga wa matatu. Anajaza gari, anajaza lingine, na yeye bado yuko steji.

Kwa hivyo mwili wako tayari umejaa vichocheo vya metali. Chuma, zinki, shaba, hata manganizi. Lakini paladiamu, rutheniamu, iridiamu, hizo mwili hauna kazi nazo kabisa. Na hapo ndipo utamu ulipo. Kama seli haina kitu chochote kinachofanya kazi ya paladiamu, basi unaweza kutengeneza dawa yenye kufuli ambayo ufunguo wake ni paladiamu peke yake. Dawa inazunguka na damu ikiwa imelala. Inapita kwenye mdomo, imelala. Inapita kwenye nyayo, imelala. Inafika mahali ambapo umepanda kichembe cha paladiamu, kando ya uvimbe, na kufuli linakatwa.

Ukisoma hivi unajiuliza, sasa mbona haikufanywa zamani? Kwa sababu seli ni mahali pabaya sana kwa metali kama hizi. Kiwandani, kemia ya paladiamu hufanywa kwenye mitungi safi, mara nyingi bila hewa, bila maji, kwa joto kali. Ndani ya seli kuna maji, chumvi, protini zimejazana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Na kuna kitu kinaitwa glutathioni, chenye salfa, ambacho kazi yake mojawapo ni kukamata metali geni na kuzifunga. Salfa na paladiamu zikishikana, basi kichocheo kimekufa. Hata sega la ekzosi huharibiwa na salfa nyingi kwenye mafuta, muulize fundi yeyote. Wanakemia wengi waliona wazo lenyewe ni la mtu aliyekosa usingizi.

Halafu mwaka 2006, Craig Streu na Eric Meggers, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakachukua rangi inayong'aa, wakaifunga kwa kufuli la kikemia isiweze kung'aa, wakaiweka ndani ya seli za binadamu zilizokuzwa maabara. Wakaongeza kichocheo cha rutheniamu. Seli zikawaka. Haikuwa dawa, ilikuwa rangi tu, lakini ilionyesha kwamba kufuli linaweza kukatwa ndani ya seli hai na seli isife.

Mwaka 2011 kundi la Edinburgh, Mark Bradley na Asier Unciti-Broceta wakiwemo, likafanya ile iliyonifanya niamke kitandani. Walikamata vichembe vya paladiamu ndani ya vitufe vidogo vya polistirini, plastiki jamii ya ile ya vikombe vya kutupa, vidogo kiasi cha seli kuvimeza. Kitufe kinalinda chuma, molekuli ndogo zinapenya. Humo ndani ya seli wakafanya hata ile kemia ya kuunganisha vipande viwili vya kaboni ambayo Heck, Negishi na Suzuki walikuwa wamepewa Nobeli kwa ajili yake mwaka mmoja tu kabla. Kemia ya kiwanda, ndani ya seli moja.

Na sasa sikiliza ya 2014, kwa sababu hii inamhusu shosho moja kwa moja. Kundi hilo la Edinburgh lilichukua fluorourasili. Ndiyo, ileile ya kwenye dripu yake, dawa ya tangu 1957. Wakaibandika kipande kidogo mgongoni, mahali ambapo seli hushikia ili kuitumia. Ikiwa na hicho kipande, seli za saratani ziliishi nayo kama vile wamepewa maji. Wakaweka vitufe vya paladiamu kando ya seli, sasa nje yake, sio ndani. Paladiamu ikakata kile kipande, fluorourasili ikaamka, na seli za saratani ya utumbo na za kongosho zikafa karibu sawa na zilizopewa dawa ya kawaida. Dawa peke yake, hakuna kitu. Paladiamu peke yake, hakuna kitu. Zikikutana, kazi.

Manze, nilimsomea mjomba hiyo sehemu gerejini kwa Kiswahili cha kujitafsiria. Akaacha spana. "Yaani hii ya kwa ekzosi?" Nikamwambia ndio, metali hiyohiyo, ingawa usianze kusaga masega hapa.

Kutoka hapo mambo yameenda. Mwaka 2017 kundi la Boston lilidunga panya wenye uvimbe vichembe vya paladiamu, vikajikusanya kwenye uvimbe, kisha wakawapa dawa ya saratani iitwayo doksorubisini ikiwa imefungwa kufuli. Uvimbe ukapungua kasi ya kukua, na madhara mwilini yakawa machache kuliko ya dawa ya kawaida. Mwaka 2018, Peter Sadler na wenzake wa Warwick, Uingereza, wakaenda njia nyingine kabisa: kwao kichocheo chenyewe ndicho dawa. Walitumia osmiamu pamoja na fometi, chumvi ya ile asidi ya baadhi ya sisimizi, kuvuruga kemia ya chakula ndani ya seli za saratani ya ovari. Chembe chache za osmiamu, kazi inajirudia, seli inachoka.

Sasa nikusimamishe hapo kabla hujafowadi kwa grupu ya familia. Hakuna dawa ya kichocheo cha paladiamu unayoweza kununua leo. Sio Nakuru, sio Nairobi, sio India, sio popote. Ni seli za maabara, samaki wadogo na panya. Kuna majaribio kwa watu ya wazo linalofanana, dawa inayoamshwa kwenye uvimbe, yaliyoanzishwa mwaka 2020 na kampuni ya Marekani inayoitwa Shasqi, lakini hiyo haitumii metali. Kazi iliyobaki ni kubwa. Utapandaje metali kwenye umio ikae hapo? Itatokaje kazi ikiisha? Itakaa kwenye ini miaka mingapi? Na saratani iliyosambaa je, utapanda vichembe mahali pangapi? Mtu akikuuzia chupa ya "maji ya dhahabu" au unga wa "metali za kuponya" akikuonyesha picha za hizi utafiti, buda, huyo anakuibia, na mgonjwa wako atakunywa huku akikosa kliniki.

Mbona basi nakupigia kelele na kitu ambacho hakijafika? Kwa sababu ya mlima.

Kuna upande mwingine wa hii sayansi. Badala ya kuficha metali ndani ya plastiki, unaificha ndani ya protini. Unachukua kimeng'enya, unatoa chuma chake cha katikati, unaweka iridiamu. Nusu kiumbe, nusu kiwanda. Shida ni kwamba protini nyingi ni laini, ukizichezea zinakunjuka kama yai kwenye kikaango. Unahitaji protini sugu. John Hartwig na wenzake wa Berkeley, California, waliipata kwa Sulfolobus, jamii ya vijidudu wanaoishi kwenye chemchemi za volkano, maji ya moto yenye asidi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba ikiwekwa iridiamu inafanya kazi kwa kasi inayokaribia vimeng'enya vya asili. Mwaka 2021 wakaiweka ndani ya bakteria hai, na hao bakteria wakatengeneza molekuli ambayo hakuna kiumbe duniani aliyewahi kuitengeneza. Hapo ndipo dawa mpya kabisa zinaweza kutoka: sio kuamsha za zamani tu, bali bakteria wafanye kazi ya kiwanda kizima.

Vijidudu wa maji ya moto. Soma tena. Sisi tumelalia hiyo kitu. Kutoka senta yetu mpaka mvuke wa Hell's Gate na Olkaria ni safari fupi. Ukipita Nakuru ukaendelea kaskazini mpaka Baringo, kuna Ziwa Bogoria, maji yanachemka yanaruka juu, wageni wanachemshia mayai.

Na sio mara ya kwanza wageni kuja na chupa. Mwaka 1992 sampuli za vijidudu zilichukuliwa kutoka kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa na watafiti waliotoka Uingereza. Vimeng'enya vilivyotokana na kazi hiyo viliishia kwa kampuni ya Marekani, Genencor, vikatumika kwenye sabuni za kufulia na kupausha jinzi. Ile jinzi yako inayoonekana imevaliwa miaka mitano ukiitoa tu dukani. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza kwamba linadai haki yake. Kampuni ikasema sampuli zilitoka kwa ruhusa. Walibishana, na mimi na wewe tukaendelea kuvaa jinzi. Mwaka 2007 KWS ilifanya mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii yakiandikwa mapema yale ya kugawana faida na mafunzo. Na tangu 2014 kuna sheria ya kimataifa, Itifaki ya Nagoya, inayosema anayechukua vitu hivi akubaliane kwanza na nchi husika.

Kwa hivyo swali langu kwako wewe uliyebaki chuoni, wewe wa Egerton, wa Nairobi, wa Maseno: kichocheo kilichotoka huku kilipausha suruali. Kinachofuata kinaweza kuwa nusu ya dawa ya saratani. Nani atakuwa kwenye meza siku hiyo akijua iridiamu inakaa vipi ndani ya protini? Wakili peke yake hatoshi. Mimi nilitoka, sitajifanya. Lakini kama una karo na unasinzia kwenye somo la kemia ya metali kwa sababu "haina kazi Kenya", nakuomba uamke kwa niaba yangu.

Jumapili nilimweleza shosho yote, nikichanganya Kikuyu na Kiswahili, nikitumia kufuli la duka kama mfano. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, "Nitaipata mimi?"

Nilimwambia hapana. Sio hii. Nikamwambia pia kitu ambacho nilijifunza nikitafuta hizi habari, na ambacho hatukuwa tumekifanya: yale masikio na ile ganzi ya nyayo, amwambie daktari kabla ya dripu, sio baada. Wanaweza kupunguza dozi, au kubadilisha sisplatini na nduguye karboplatini ambayo kwa kawaida ni pole zaidi kwa figo na masikio. Kumbe yeye alikuwa ananyamaza akidhani ukilalamika unanyimwa dawa. Nimemwandikia kwenye karatasi: masikio, miguu, mdomo, tarehe vilipoanza. Alhamisi tunatoka na matatu ya saa kumi na moja asubuhi, karatasi iko ndani ya kadi ya kliniki.